Mkono wa Kushoto wa Bosompem

Mtu anayesomea uongozi wa watu huku watu wenyewe amewafungia mlango, huyo anasomea nini? Swali hilo tulilitafuna miaka miwili kwenye benchi langu, pale Tafo, Kumasi, na mpaka leo aliyelijibu hajatokea. Bosompem mwenyewe hajalijibu, na cheti anacho.

Nyumba yetu ina vyumba kumi na vinne vinavyouzunguka ua mmoja, bomba moja, na kinu kimoja cha kutwangia fufu, ugali wetu wa mihogo na ndizi. Mimi Maame Dufie nauza waakye, wali unaopikwa pamoja na maharage, na sufuria zangu zinakaa upande wa barabarani, chini ya dirisha la Bosompem. Sikuziweka hapo kwa ajili ya umbea. Ndipo kivuli kilipokuwa. Umbea ulinikuta nimekaa.

Bosompem alikuwa bwana mkubwa wa halmashauri, au ndivyo alivyotembea. Shingo ngumu, hatua fupi, kama mtu aliyejitwika trei ya mayai. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa chifu wa kijiji cha Asuokrom. Kwetu kiti cha chifu hakimwendei mwana, kinafuata upande wa mama, kinamwendea mpwa, na anayemtaja huyo mpwa ni Mama wa Kiti, bibi mkuu wa ukoo. Wapwa wa kutajika walikuwa wawili tu, watoto wa dada wawili: Bosompem, na Abrokwa mziba pancha wa pale kwenye mzunguko wa barabara, hatua mia moja kutoka kwangu.

Mjomba alipoanza kuugua, Bosompem alishakata shauri zamani kwamba karatasi ndiyo itakayoamua.

"Kijiji cha pili wana chifu mwenye digrii mbili," alitwambia siku moja, bado akiwa anaongea na sisi. "Sisi tukae na mziba pancha? Si tutachekwa na mbuzi?"

"Mbuzi wanacheka kila siku, Bosompem," Pokuaa akamjibu. Pokuaa ndiye fundi cherehani wetu, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. "Sema wewe ndiye unayewasikia."

Basi akajiandikisha chuo cha kwenye kompyuta, Chuo Kikuu cha Harlowmere, sijui kiko ng'ambo gani, shahada ya uzamili ya Uongozi na Usimamizi wa Watu. Barua ya kumkaribisha alituletea benchini atusomee. Soma popote, wakati wowote, kwa kasi yako mwenyewe.

"Kwa kasi yako?" Pokuaa akasema. "Basi utahitimu ukiwa na mkongojo."

Benchi zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliikunja barua kwenye mistari yake ileile, akaingia ndani, na tangu siku ile akaacha kutusalimia.

Mnaotaka kujua mambo ya chuo cha aina hiyo, mimi nitawaambia, maana niliyasikia yote kupitia dirishani, bila ada. Popote maana yake ni pembe moja ya chumba, baina ya kabati na dirisha, mahali pekee ambapo mtandao unashika. Wakati wowote maana yake ni wakati wao, na wakati wao kwetu unaangukia saa kumi na mbili jioni, saa ambayo nyumba nzima inatwanga fufu. Mwalimu haonekani. Anatoa sauti tu, tena sauti ya mwaka juzi iliyohifadhiwa, na ukimwandikia anakujibu baada ya siku tisa, "Swali zuri." Umeme ukikatika katikati ya somo, somo linaendelea bila wewe, halafu kompyuta inakuandikia eti wewe ndiye uliyeondoka.

Halafu kuna kazi ya kundi. Kundi la Bosompem lilikuwa na watu wanne. Mmoja alikuwa Manila, akilala wakati wenzake wako macho. Mwingine alikuwa Bogotá, akaandika "Habari wapenzi wenzangu" wiki ya kwanza na hakusikika tena hadi leo. Wa tatu alikuwa Harare, kazi yake kuuliza wengine wamefika wapi. Bosompem akaifanya yote peke yake, akilalamika kwa sauti, kisha majina ya wote wanne yakaandikwa na wote wakapata alama sawa. Mada yenyewe? Namna ya kuwafanya watu washirikiane.

Na kila wiki ilikuwa lazima aandike maoni yake kwenye ukumbi wa majadiliano, na awasifu wanafunzi wawili wengine. Usipowasifu unakatwa alama. Nilimsikia akijisomea: "Nakubaliana nawe kabisa, dada mpendwa, hoja yako imenigusa sana." Dada gani? Hajawahi kumwona hata picha. Huku Eno Ataa, ajuza wa nyumba yetu, aliyemkanda mgongo mama yake Bosompem siku ya kujifungua, anasimama mlangoni mwake kila asubuhi.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Kimya. Bosompem amejiziba masikio na vile vidude vyeupe.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Kimya tena, na mkono umepanda juu, kiganja nje, kama askari wa barabarani anayezuia lori.

Sasa jamani, mtu anaweza kukuudhi kwa mengi tukasuluhisha. Lakini salamu isiyoitikiwa ni kofi. Hata mgomvi wako ukikutana naye bombani anakuitikia kwanza, ndipo mnaendelea na matusi. Pokuaa alitaka tumshitaki kwa wazee wa mtaa. Eno Ataa akasema, "Mwacheni, anasoma." Alilitamka neno hilo kama mtu anayesema, "Mwacheni, ana surua."

Mjomba alifariki wakati wa kiangazi, vumbi la kaskazini likivuma. Nyumba nzima tulikwenda Asuokrom mazikoni, tumejitanda nyeusi na nyekundu. Bosompem alikaa safu ya wafiwa wakuu, kichwa chini, mabega yanatikisika kidogo. Watu wakamhurumia. Kumbe ana simu ndani ya nguo. Chuo kilikuwa kimetoa maswali ya kuchagua jibu, dakika ishirini, na bwana yuko pale anabofya a, b, c, mbele ya jeneza. Aliyemwona ni Eno Birago, mdogo wake Mama wa Kiti, bibi mfupi mwenye macho ya mwewe. Alimwuliza jirani yake, kwa sauti ya kutosha watu thelathini: "Huyu analilia humo ndani ya simu, au kuna maiti nyingine?"

Ijumaa moja, miezi mitatu baada ya maziko, mwanamke anayeniletea majani ya magimbi kutoka Asuokrom aliweka kapu chini na hakutaka hata maji kabla hajasema.

"Dufie, apa kwanza."

"Naapa."

"Kesho Mama wa Kiti anatuma watu. Wanakuja kuwaona wale wapwa wawili majumbani mwao. Wenyewe hawajaambiwa. Wanataka kuona tu wanavyoishi, na mgeni anavyopokelewa. Atakayewapokea vizuri, ndiye."

Kiapo changu kilidumu kwa muda wa mtu kunywa uji: Pokuaa akajua, na Bosompem nikaona naye ajue. Msinitazame hivyo. Bosompem simpendi, lakini chifu akitoka nyumba yetu, ni nyumba yetu. Nilijua vilevile kwamba kesho yake Bosompem alikuwa na mtihani wake wa mwisho, saa nne hadi saa saba. Nani asingejua? Alikuwa amebandika tangazo bombani: MTIHANI UNAENDELEA. KIMYA. Hakuomba, wala hakusema tafadhali. Pokuaa alilibandua akafungia viazi vikuu vya kukaanga.

Nikaenda dirishani kwake palepale.

"Bosompem, umeshindaje?"

Kwetu habari haitangulii salamu. Mtu hajaitikia, unamwambiaje jambo la ukoo? Utakuwa umeitupa habari jalalani. Nikasubiri. Mkono ukapanda juu, kiganja nje.

Haya. Jumamosi asubuhi nikamkuta bombani, ndoo mkononi, vidude masikioni, midomo inakariri kitu.

"Bosompem, umeamkaje?"

Akanipita kama nguzo ya umeme.

Saa nne kasorobo nikarudi dirishani mara ya tatu. Alikuwa anafuta meza kwa kitambaa.

"Bosompem, nakusalimu."

"Maame, si leo," akasema bila kugeuka. "Na hivyo vifuniko vya sufuria, visigongane."

Nikarudi kwenye sufuria zangu, nikaketi. Wali wangu haujawahi kunikatiza salamu.

Nyumba ilikuwa kimya kweli, lakini si kwa ajili ya tangazo lake. Jumamosi ni siku ya maziko, na karibu wote walikuwa wamekwenda kuzika watu mbalimbali. Tulibaki mimi na Pokuaa nje, Eno Ataa chumbani kwake, na jogoo. Kutoka kwenye kigoda changu, vioo vya dirisha vikiwa wazi kwa joto, nilimwona Bosompem kwa ubavu, na upande wake wa kushoto, mlango wa kuelekea uani na pazia lake. Mlango wenyewe ulikuwa wazi nusu. Komeo lilivunjika mwaka juzi na hajamwita seremala, maana seremala naye anataka kusalimiwa.

Kompyuta ikatoa sauti ya mwanamke, msimamizi wa mtihani, sauti tamu ya kuuzia sabuni.

"Tafadhali nionyeshe chumba."

Bosompem akaizungusha kompyuta polepole. Chini ya meza. Juu ya kabati. Kitandani.

"Kuna maandishi ukutani. Yaondoe."

Pokuaa akauma kanga yake asipasuke. Maandishi hayo ni kalenda ya Bosompem. Alikuwa ameshapigwa picha studio, amevaa joho la kukodi na kofia yenye shada, na chini yake pameandikwa jina na shahada ya uzamili, miezi minane kabla ya kuipata. Kalenda mia mbili zilikuwa chini ya kitanda zikisubiri kugawiwa. Akaibandua ile ya ukutani, akaiweka sakafuni, uso chini.

"Asante. Mtu yeyote akiingia, au ukizungumza na mtu, mtihani utafutwa. Macho yako yasitoke kwenye skrini. Unaweza kuanza."

Akaanza. Saa nzima ikapita, tunasikia vidole tu, tak tak tak.

Teksi ikasimama. Wakashuka watatu. Agya Toku, msemaji wa kiti, mrefu, nguo imepita begani kama alizaliwa nayo. Mzee mwingine nisiyemjua jina, kazi yake ilikuwa kushuhudia. Na Eno Birago, mkongojo mbele.

Nikasimama, nikajifuta mikono, nikawasalimu. Agya Toku akaniitikia salamu kamili, haikupungua kipande, akauliza hali ya nyumba, ya biashara, ya miguu yangu. Halafu:

"Tumemfikia Bosompem?"

"Mmemfikia, Agya. Mlango wa tatu, mkono wa kushoto. Ila yumo kwenye mtihani."

Eno Birago akanitazama kutoka chini hadi juu.

"Vizuri," akasema. "Na sisi tunao wetu."

Wakaingia uani. Pokuaa akanishika goti. Sote wawili tukageukia dirishani, sioni haya kusema.

"Agoo!" Ni Eno Birago, nje ya pazia. Mgeni akibisha hivyo, mwenyeji huitikia "Amee," na mtoto wa miaka mitatu analijua hilo.

Bosompem hakuitikia. Vidole, tak tak tak.

"Agoo!"

Nikaona shingo yake imekakamaa. Amesikia. Macho hayakutoka kwenye skrini.

"Agoo, nyumba hii!"

Pazia likasogezwa. Wote watatu walisimama pale kizingitini, Eno Birago katikati. Na Bosompem, mkono wa kulia umeshika kipanya, macho kwenye skrini, akainua mkono uliokuwa karibu na mlango. Wa kushoto. Wala hakuuinua tu auache. Aliupunga, vidole vinne vikipepea, fyut fyut, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

Pokuaa akasema, "Yesu wangu."

Mkono wa kushoto hatupokei nao, hatutoi nao, hatuonyeshi nao hata njia ya chooni. Ukimpungia mtoto mdogo kwa kushoto, mama yake anakuja kukuuliza. Huyu amempungia mdogo wake Mama wa Kiti, na msemaji wa kiti, na shahidi.

Eno Birago akaegemea mkongojo wake. Aliutazama ule mkono kwa makini, kama mtu anayesoma anwani kwenye bahasha. Ulipotua mezani, akaliachia pazia.

"Bwana Bosompem," ile sauti ya sabuni ikasema, "tafadhali tazama skrini."

Akatazama skrini.

Walipotoka getini nilikuwa nimeshafuta benchi na kuweka maji. Wakaketi. Wakanywa, mmoja baada ya mwingine, wakamwaga tone chini kwa waliotangulia. Sikuwa na haki ya kuwauliza jambo lililowaleta, mimi si wa ukoo wao. Lakini mgeni aliyekunywa maji asipoulizwa ni kama amefukuzwa mara ya pili, nikauliza kwa maneno ya desturi.

"Hapa kwetu ni amani. Ninyi ndio mnaotoka njiani."

Agya Toku akasafisha koo. "Tumekuja kwa amani. Tuna watoto wetu wawili mji huu, tumesema tuwaone. Mmoja tumemwona." Akajipangusa midomo. "Huyo mwingine anakaa wapi?"

Nikamwachia Pokuaa sufuria, nikawapeleka mwenyewe.

Msidhani sasa nitawaletea malaika. Abrokwa ni Abrokwa. Mtaa mzima unajua kwamba misumari huota yenyewe barabarani mita hamsini kabla ya kibanda chake, hasa biashara ikilala. Bia anaipenda. Barua hawezi kuandika, hata jina lake analichora kama mtu anayechora nyoka. Tulipofika alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Abrokwa! Una wageni!"

"Wasubiri zamu!" akajibu kutoka chini. "Kwani wao matairi yao ni ya dhahabu?"

"Abrokwa, toka, mjinga wewe. Ni watu wa Asuokrom."

Akatoka kwa mgongo kama kaa, mweusi kwa grisi, akawaona, na viatu vikamtoka miguuni kabla hajasimama wima. Mkono wake ulikuwa mchafu, hakuthubutu kuutoa, akanyoosha kifundo cha mkono wa kulia, ameinama, ule wa kushoto ameuficha nyuma ya kiuno. Hakuna aliyemfundisha kwa kompyuta. Akapanga matairi matatu, akayatandikia shati lake safi alilokuwa amelitundika, akawakalisha. Dereva wa lori akaanza kupiga kelele kwamba ana safari ya Tamale.

"Bwana mkubwa," Abrokwa akamwambia, "nenda Tamale kwa matairi matatu, au nyamaza wazee wangu wanywe maji."

Wakanywa. Akauliza jambo kama inavyopasa. Eno Birago akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, meno yake mawili yote yakaonekana.

Saa saba na robo Bosompem alitoka getini kifua mbele. Akaja kwangu, na nakwambia alitabasamu.

"Nimemaliza, Maame. Miaka miwili! Hebu nipe waakye, na yai, na samaki weka."

Nikampakulia.

"Swali la mwisho lilikuwa zuri sana," akasema, mdomo umejaa. "Kiongozi anamtambuaje mtu muhimu katika jumuiya yake? Maneno elfu moja. Niliandika elfu moja mia mbili."

Pokuaa akainama chini ya meza kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

"Ila huyo ajuza wenu karibu aniharibie," akaendelea. "Anakuja na agoo, agoo, katikati ya mtihani. Kwani tangazo hamkuliona?"

"Ajuza gani?" nikamwuliza.

"Si Eno Ataa? Anataka nimtazamie simu yake tena."

"Eno Ataa amelala tangu asubuhi," Pokuaa akasema. "Yule alikuwa Eno Birago wa Asuokrom. Pamoja na Agya Toku na mwenzao. Wametumwa na Mama wa Kiti kuja kukuona unavyopokea wageni."

Kijiko kilisimama njiani. Uso wake ulishuka taratibu, kama maji kwenye bomba yanapokatika: kwanza nguvu, kisha uzi, kisha tone. Akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya meza yangu, akauondoa, akauweka mapajani.

"Nilidhani ni ninyi," akasema.

Alikuwa ametusalimia kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na salamu yenyewe ndiyo hiyo.

Alikwenda Asuokrom siku hiyohiyo, na chupa za pombe ya kuombea radhi, na Jumapili akapeleka kondoo. Walimpokea. Wakamkalisha, wakampa maji, wakamwuliza jambo, akaeleza mtihani, kamera, sauti ya yule mwanamke. Nasikia aliwaonyesha na masharti ya chuo, kurasa nne. Mama wa Kiti alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wamemsamehe, mtoto hafukuzwi kwa mkono, na kondoo ni mnono. Halafu akasema kiti kimeshapata mtu. Kondoo akaliwa siku hiyohiyo, na Abrokwa ndiye aliyekatiwa paja, fungu la chifu.

Majibu ya chuo yalitoka baada ya wiki sita. Bosompem alifaulu, tena vizuri, alama sabini na nane. Akatengeneza bango la plastiki la mita tatu, yeye na joho, akalitundika getini. Likakaa wiki mbili. Mvua ya kwanza ya msimu ilipolilegeza upande mmoja, Pokuaa alilishusha, tukalifunga juu ya sufuria zangu kwa kamba. Ni plastiki nzuri, haivuji. Ukikaa benchi ukatazama juu unamwona Bosompem, kofia chini, kidevu juu, na maji ya mvua yanatiririka kwenye paji la uso.

Siku ya kumkalisha Abrokwa kitini, Bosompem alivua viatu, akashusha nguo begani kama wengine wote, akainama mbele ya mziba pancha. Chifu akamwuliza kwa kinywa cha Agya Toku kama kweli anajua kuandika barua. Sasa kila Jumatano anakwenda Asuokrom kumwandikia. Barua moja, nasikia, ilikuwa ya kuomba barabara itengenezwe, misumari imezidi.

Juzi alikuja kununua chakula, mvua inanyesha, akalazimika kukaa benchini chini ya uso wake mwenyewe. Tulikuwa wawili tu.

"Maame," akasema. "Ijumaa ile ulikuja dirishani. Na Jumamosi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Unajua wanakuja, unajua na sababu?"

"Kila kitu."

"Na hukuniambia!" Sauti ilimpanda, shingo ikarudi ile ngumu ya zamani. "Kiti cha ukoo, Maame! Neno moja tu! Ungelitupa tu dirishani, lingekuumiza nini?"

Nikamfunikia wali wake kwa jani, nikampa, kwa mkono wa kulia.

"Nilikusalimu mara tatu, Bosompem," nikamwambia. "Nilikuwa nasubiri uitikie."